Visiwa Viwili Chini ya Kidole Kimoja

Tangu nirudi, kila anayeleta simu kibandani kwangu hapa Lindi, Kibera, hutaka kujua jambo moja kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama kioo kitapona: "Mutua, kwani mbuzi waliingia ndege?" Nimejibu nusunusu mpaka nimechoka, na mnanijua, jibu la nusu huninyima usingizi. Basi nimeketi niandike yote, kituo kwa kituo, ili atakayeuliza tena nimpe hii asome huku nikifungua simu yake.

Lindi hadi Embakasi

Kwa wale msiomjua, Mwende ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea mchana mama alipokuwa akiuza mboga Kawangware. Alienda Morisi kufanya kazi ya jikoni hotelini, akakutana huko na seremala aitwaye Ludovic. Kwao Ludovic ni Rodrigues, kisiwa kingine kidogo cha nchi ileile. Wakaamua kuoana na kuishi huko kwao. Mama aliposikia, akagoma. Hakumgomea mwanamume, alikuwa amemwona kwenye video na kumsifia meno. Aligomea umbali.

Hapo ndipo kimbelembele kilinishika. Nilitoa simu, nikafungua ramani ya bahari yote, nikamwonyesha. Morisi ilikuwa nukta, na Rodrigues nukta ndogo zaidi kando yake. Nikaweka kidole gumba juu, kikazifunika zote mbili.

"Ona, Mama. Kutoka hapa hadi Morisi ni ndege moja. Kutoka Morisi hadi kwao ni hapa tu. Ni kama kutoka kwangu Lindi kuja kwako Kawangware."

"Hapa tu?"

"Hapa tu."

Mama akalegea. Lakini alikuwa na sharti, na sharti lenyewe lilikuwa na miguu minne.

Kwetu Ukambani msichana hahesabiwi kuwa ameolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Vitu vingine vya mahari vinaweza kungoja hata miaka. Mbuzi hao watatu hawangoji. Bila wao unaweza kufunga ndoa mbele ya askofu na kwaya tatu, na wazee bado watasema msichana ameenda kutembea. Na mtoto akizaliwa, watauliza ni wa nyumba gani. Msemaji wetu wa mambo hayo ni Anko Kioko, mdogo wa marehemu baba. Siku za kawaida anauza viatu vya mitumba na anacheka na kila mtu. Ukitaja ntheo, anageuka jaji.

"Wawe hai," alisema, akihesabu kwa vidole. "Wasimame kwa miguu yao. Mmoja awe jike. Wapokelewe langoni na mtu wa damu yetu, jua likiwa bado juu. Na iwe kabla ya kanisa. Baada ya kanisa, hiyo ni nyama tu."

Mama ana presha, hawezi kupanda ndege. Anko hana pasipoti. Mimi ninayo, niliitafuta kwa ajili ya kazi ya ng'ambo ambayo haikutokea. Wote wakanigeukia. Mimi, ambaye mbuzi wa karibu zaidi niliyewahi kumshika alikuwa kwenye sahani.

Nitasema ukweli: niliogopa sana. Najijua. Nikimaliza kufunga simu ya mteja, huifungua tena kuhakikisha skrubu zote zimekaa. Kila ninachokijua nimejifundisha kwa kutazama video, kwa hiyo kila mara nahisi kuna somo moja nililoruka. Nikaanza kutazama video za mbuzi. Nikajua kumkisia umri kwa meno, nikajua dalili za kwato mbovu. Nikatazama na za Kifaransa, nikajua kusema habari za asubuhi na kuuliza choo kiko wapi. Nikapanga safari yote kwenye simu na kuweka kengele kwa kila hatua: Alhamisi mchana natua Morisi, jioni naruka hadi Rodrigues, Ijumaa asubuhi napokea mbuzi, Jumamosi harusi. Mpango ulikuwa mzuri mpaka nikauonea fahari. Sikuachia upepo nafasi. Sikujua kwamba upepo unahitaji nafasi.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia Kawangware. Mama akanipa leso yake nyekundu, ile anayoivaa kanisani.

"Umfunge Mwende kwa niaba yangu," alisema. "Na usiipoteze, wewe na hayo mawazo yako."

Niliikunja mpaka pembe zote zikalingana, nikaiweka juu kabisa kwenye begi. Njiani hadi uwanja wa ndege wa Embakasi nilifungua zipu mara nyingi kuangalia kama bado ipo. Dereva wa teksi akaniuliza kama nimebeba mtoto.

Embakasi hadi Morisi

Kengele niliyoiita NDEGE INARUKA ililia tukiwa tumefunga mikanda na ndege haijasogea hata kidogo. Nikaizima. Baadaye ikalia ile ya NDEGE IKO JUU, nasi bado tuko chini. Jamaa aliyeketi kando yangu, fundi wa lifti kutoka Machakos aliyekuwa akienda kazini, alinitazama.

"Buda, hiyo simu yako ndiyo rubani?"

"Ni mpango tu."

"Sasa mwambie rubani wako apunguze presha. Unaenda kufanya nini Morisi?"

"Siendi Morisi. Naenda Rodrigues kupokea mbuzi."

Alilitafuna hilo kwanza. "Kwani wameisha Kenya?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka mhudumu akaja kuona kuna nini. Lakini alikuwa Mkamba, na kicheko kilipoisha alinishika bega. "Sikia. Wazee watakuuliza mambo madogo. Usikubali kitu usichokielewa." Kisha akalala mdomo wazi, akaniacha na wasiwasi mpya kabisa ambao sikuwa nao nilipopanda.

Tuliruka tukiwa tumechelewa. Chakula kilikuwa wali na kuku. Nilikula chote pamoja na siagi peke yake, kwa sababu sikujua ilikuwa ya mkate, na mkate nilikuwa nimeuweka mfukoni kwa ajili ya dharura. Mkate huo nitautaja tena.

Uwanjani Morisi

Nilishuka mbio kuwahi ndege ya jioni. Kwenye ubao iliandikwa imechelewa. Baadaye ikaandikwa imechelewa zaidi. Halafu ikafutwa.

"Ni upepo," alisema dada wa kaunta, kwa Kiingereza chenye lafudhi tamu.

Nilitazama nje. Hata jani halikutikisika. "Upepo gani?"

"Wa Rodrigues. Hapa hakuna. Kule ndege haiwezi kutua."

"Sawa," nikasema, nikijikaza. "Basi nitachukua boti."

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mteja aliyekausha simu kwenye sufuria. Boti, alieleza, hutembea zaidi ya siku nzima, na ya karibu ilikuwa ya wiki ijayo. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kutoka uwanja huu hadi uwanja wa kule ni umbali gani.

"Karibu kilomita mia sita."

Nilikaa chini. Nairobi hadi Mombasa haifiki hapo. Na njia ya Mombasa ina Mtito Andei: unashuka, unakunywa chai, unanyoosha miguu, unarudi. Kati ya visiwa hivi viwili hakuna Mtito Andei. Ni maji, halafu maji. Na mimi nilikuwa nimemwambia mama yangu ni hapa tu.

Nikampigia Mwende.

"Kesho mchana wanaruka, upepo ukitulia," nikamwambia. "Mbuzi wako aje?"

"Wamefungwa tangu asubuhi wakikungoja. Wamekula maua yote ya mama mkwe." Akapunguza sauti. "Mutua, usipofika kesho jua likiwa juu, Jumamosi siingii kanisani. Siwezi kuingia huku Anko anasema nimeenda kutembea. Nishamwambia Ludovic."

"Amesemaje?"

"Ameenda kuranda mbao."

Niliendelea kuukodolea ubao macho kana kwamba aibu ingeufanya ubadilike. Kando yangu kulikuwa na kitu kikigonga tik, tik, tik, mpaka nikafikiri ni moyo wangu. Ilikuwa saa ya ukutani, kubwa kama sinia, iliyokumbatiwa na mama mnene mwenye kofia ya ukili.

"Kijana," alisema, "ubao huo hausikii."

Jina lake lilikuwa Solange, wa Rodrigues, aliyekuja Morisi kumwona binti yake na sasa alikuwa akirudi na saa ya kanisa la kijijini kwao. Kiingereza chetu kilichechemea pande zote mbili, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyanyoosha. Aliniambia nisilale uwanjani, binti yake anakaa Mahébourg, mji wa jirani. Nilisita. Hapa Kibera huwa namchunguza mtu kwanza kabla ya kumwazima chaja. Lakini mtu aliyebeba saa ya kanisa kwa mikono miwili hawezi kukuibia kitu.

Kwa binti yake, tukinywa chai, akaniuliza ninaenda kufanya nini kwao.

"Kupokea mbuzi."

Macho yake yakawaka. "Kutoka Afrika yote hiyo? Wangapi?"

"Watatu kwanza," nikasema, maana mahari nyingine itafuata baadaye, na sikutaka kutoa maelezo yenye pengo.

"Kwanza!" akarudia kwa heshima kubwa. Akachukua simu yake akazungumza Kikrioli kwa muda mrefu, akimpigia huyu, akimaliza anampigia yule. Nilisikia akitaja Afrika mara kwa mara. Nikadhani anasimulia habari za mgeni. Nikatabasamu kila alipotabasamu.

Asubuhi alinipeleka sokoni kula. Kule wana chapati nyembamba, laini kama leso, zenye dengu iliyosagwa ndani yake, zinazopakwa mchuzi wa nyanya na maharagwe. Niliomba moja. Muuzaji akanipa mbili. Nikamrudishia moja, sitaki kumdhulumu mtu. Akanirudishia. Nikamrudishia tena, nikiweka mkono kifuani kuonyesha ninashukuru ila mimi ni mwaminifu. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Solange akazichukua zote mbili, akanitia mkononi.

"Zinauzwa mbili mbili," alisema. "Moja haiuzwi. Moja ni huzuni."

Nilikula mbili, halafu mbili tena, na kwa mara ya kwanza tangu Lindi sikusikia kengele yoyote kichwani.

Morisi hadi Rodrigues

Ndege ya pili ilikuwa ndogo, ya mapanga yanayozunguka nje. Nilitaka kuuliza kama mapanga yamekazwa vizuri, nikajizuia. Solange alikataa katakata saa iende na mizigo, wakamwachia akaipakata. Ikanigongea sikioni safari nzima.

Tulipoinuka tu, Morisi ikaisha. Nilipachika uso kwenye dirisha nikitafuta kisiwa cha pili, maana kwenye ramani kilikuwa pale pale. Hakikuwapo. Nikangoja. Bado. Tik, tik. Chini maji yalikuwa ya buluu moja isiyo na alama, hata meli hakuna, hata mwamba. Nilikitazama kidole gumba changu. Kwenye ramani kilikuwa kimeifunika bahari hii yote na ukucha ukabaki. Nilifikiria mama akiamka asubuhi Kawangware akitaka kumwona binti yake, na katikati kuna hiki nilichokificha chini ya kidole.

Upepo ulitupiga tulipoanza kushuka. Ndege ilienda upande, ikarudi, ikaenda upande tena. Nilitoa ule mkate wa mfukoni, nikaubana kwa mikono miwili. Ndiyo kazi uliyofanya. Solange alinitazama mimi na mkate, akaninyooshea saa.

"Shika hii. Ni nzito, inatuliza."

Nikaishika. Chini pakatokea maji ya kijani, mapana kuliko kisiwa chenyewe, na kisiwa kikakaa katikati yake kikiwa na vilima vya kahawia na nyumba zilizotawanyika. Tukatua kwa kishindo, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeikumbatia saa ya kanisa la watu.

Nje ya uwanja kulikuwa na pikapu zimejipanga, na kila pikapu ilikuwa na mbuzi. Wanaume waliwashika pembe na kuwageuza nyuso zitutazame. Mmoja alimfunua mbuzi wake mdomo wazi kabisa, ili nione meno. Nikafikiri ni siku ya soko. Ndipo nikamwona Solange akininyooshea kidole na umati ukinijia.

"Ni yeye! Wa Afrika! Watatu kwanza!"

Nilizungukwa. Nilisema Kifaransa chote nilichokuwa nacho: nikawapa habari za asubuhi, ilhali ilikuwa mchana, nikawauliza choo kiko wapi. Mbuzi mmoja akaanza kula kamba ya begi langu. Kisha nikasikia kwa Kiswahili, juu ya sauti zote:

"Mutua! Wewe! Umekuwa broka wa mbuzi lini?"

Mwende alikuwa amesimama juu ya pikapu ya Ludovic, anacheka huku machozi yakimtoka. Nilipomkumbatia nilihisi amekonda. Ludovic, mrefu, mpole, mwenye meno yale yale ya kwenye video, akawaeleza watu. Nao wakacheka, wakanipiga mgongo, wakapakia mbuzi wao. Solange peke yake ndiye aliyenuna.

"Ulisema kwanza," akaninung'unikia, akaondoka na saa yake.

Langoni

Mama yake Ludovic alikuwa ametuwekea meza: pweza wa kuchovya ndimu na pilipili, na bakuli kubwa la mahindi yaliyochemshwa na maharagwe mekundu. Nilionja nikaweka kijiko chini.

"Dada, huu si muthokoi wa kwetu?"

"Hata mimi nililia siku ya kwanza," alisema Mwende. "Nilifikiri nitakula samaki tu mpaka nife."

Nilitaka kula zaidi lakini Ludovic aliingia akiwa amefadhaika. Tulikuwa na mbuzi wawili. Jike, kwa kuwa alifungwa tangu jana, alikuwa ametafuna kamba na kupanda vilimani. Vijana walimtafuta tangu asubuhi hawakumwona. Na jua lilikuwa limeanza kulala upande.

Mpango wangu wote, na mwisho wake ni kamba isiyo imara. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja aliyekuwa na kinyongo nami na mbuzi wa kuuza.

Ludovic akatafuta namba yake, nikampigia. Solange hakutuzungusha. Alifika na pikapu ya binamu yake, amemshikilia jike mweupe mwenye madoa. Nilimwangalia meno, nikamwangalia kwato, nikamzunguka.

"Ana kasoro?" aliuliza Solange kwa ukali.

"Hana hata moja."

"Basi huyo ndiye wa kwanza." Akatabasamu, tukapatana upya. Yeye na Ludovic walimalizana bei pembeni.

Tukawapanga mbuzi watatu nje ya lango la mbao ambalo Ludovic mwenyewe alilichonga. Majirani wakajaa ukutani. Mwende akapiga simu ya video Kawangware, na Anko Kioko akatokea akiwa amevaa koti la suti, nyuma yake Mama ameketi kwenye kochi. Mwangaza ulikuwa unaingia dirishani kwao.

"Jua bado liko juu, tusiharakishe," alisema Anko.

"Anko, lenu ndilo liko juu. Letu linazama. Huku tuko mbele yenu."

"Haya, nionyeshe mbuzi." Nikamwonyesha mmoja mmoja. Akataka waende hatua chache. Wakaenda. Akataka kuona jike vizuri. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa polepole akiridhika, nami nikaanza kupumua. "Sasa hilo lango ni la nani?"

"La kwao Ludovic."

"Na mbuzi wanatoka kwa nani?"

"Kwao Ludovic."

"Sasa mbuzi watoke kwao, waingie kwao?" Anko aliusogeza uso ukajaa kwenye kioo. "Hiyo si ntheo, Mutua. Hiyo ni kuchunga. Wanatakiwa kuingia kwetu."

"Anko, kwetu ni Kawangware."

"Basi wafike Kawangware."

"Wafike vipi? Kwa ndege?"

"Si wewe ulimwambia mama yako ni hapa tu? Kama Lindi na Kawangware? Basi waswage."

Mwende alishusha macho. Nilikuwa na majibu mengi mazuri na yote yalikuwa ya kujificha.

"Mama," nikasema. "Si hapa tu. Nilipima kwa kidole. Ni mbali kuliko Mombasa, na ni maji matupu. Nimeyaona yote leo. Nilitaka ukubali, na sikuhakikisha, na wewe ukaniamini. Ni mbali sana, Mama."

Picha ikaganda. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha Mama akajisogeza mbele, akamtoa Anko kwa kiwiko.

"Kioko," alisema, bila kunitazama mimi, "hapa Kawangware tunapita kwenye lango la nani?"

"La landlord."

"Anakubali mbuzi?"

"Hata kuku hakubali."

"Kwa hiyo hata wangefika, wangeingia kwa Mzee Karanja. Mtoto wangu aolewe kwa lango la Mzee Karanja?" Kisha akanigeukia mimi. "Mutua. Leso yangu iko wapi?"

"Iko kwenye begi, Mama. Juu kabisa."

"Itoe. Tafuta miti miwili nje ya boma la hao watu, uifunge katikati. Wewe simama upande wa nyuma na Mwende. Wewe ni damu yangu na hiyo ni nguo yangu. Hapo ulipo ni kwangu."

Sikuwahi kukimbia hivyo. Ng'ambo ya njia palikuwa na miti miwili ya mkadi iliyoinamishwa na upepo. Leso ilikuwa fupi. Ludovic akaelewa bila kuambiwa, akakata kamba ya mbuzi vipande viwili, akaunga pembe zake. Haikunyooka, upande mmoja ulikuwa chini, nami mikono iliniwasha nikitaka kuirekebisha. Niliiacha. Nilisimama nyuma yake na dada yangu, jua likiwa limegusa kilima.

Baba yake Ludovic akawaleta mbuzi. Niliinua leso kwa mkono. Dume wa kwanza akapita. Wa pili akasimama kunusa, akapita. Jike wa Solange akaishika leso ya Mama kwa meno, Mwende akapiga ukelele, tukavutana naye kidogo, kisha naye akaingia, na kipande kidogo cha nyuzi nyekundu mdomoni.

"Wameingia?" aliuliza Anko. Sauti ilikuwa ya anko sasa, si ya jaji.

"Mimi nimewaona," alisema Mama. "Wameingia kwangu. Mwende, umeolewa. Enda ukalale, kesho kuna kanisa."

Nilifungua leso nikamfunga dada yangu kiunoni, na tundu lake jipya.

Kurudi

Harusi ilikuwa nzuri, na dume mmoja alikuwa wa kwanza kufika mezani, kwa idhini yangu kama mwenye mbuzi. Saa ya Solange ilikuwa imetundikwa ukutani kanisani, ikigonga wakati padri akihubiri. Ndege ya kurudi Morisi ilichelewa tena. Sikuwa nimeweka kengele, kwa hiyo nilikula chapati za dengu, mbili mbili.

Basi ndugu zangu, mbuzi hawakuingia ndege. Lango ndilo liliingia, limekunjwa kwenye begi langu.

Jike amebaki kwa mama yake Ludovic, kwa jina la Mama. Kila Jumapili Mama anatumiwa picha, naye huwaonyesha wateja wake wa mboga. Juzi Mzee Karanja alimsikia akisema ana mbuzi, akaja mbio kukagua bustani yake ya sukuma wiki nyuma ya nyumba.

"Mama Mwende, wako wapi? Si tulikubaliana?"

"Usijali, Mzee. Sukuma zako ziko salama."

Alipoondoka, Mama aliniomba simu. Akataka ile ramani ya bahari yote. Nilimfungulia. Akazitafuta zile nukta mbili, akaweka kidole gumba chake juu, kipana, chenye rangi ya mboga, kikazifunika zote na bahari yake.

"Hapa tu," alisema.

Umbali kati ya viwanja vile viwili ninaujua kwa kichwa, na mnanijua, kosa la mtu hunikera mpaka nilirekebishe.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Hapa tu."